Figo Zinapoonekana

Mtu anayetoka chumba cha ekografi pale Makiso au Mangobo, mitaa ya Kisangani, hutoka na karatasi mbili: picha ndogo nyeusi, na ukurasa wa Kifaransa wenye muhuri. Kwanza ataitazama picha, ingawa hawezi kuisoma, kwa sababu ni yake. Ndani ya weusi ule kuna kiungo ambacho mama yake hakuwahi kukiona, wala bibi yake, wala yeye mwenyewe hadi asubuhi hiyo. Kisha atageukia ukurasa, akutane na mstari unaosema kwamba figo ya kulia ina kifuko, au gamba lake linang'aa kupita kawaida, au njia zake za mkojo zimepanuka. Usiku ule usingizi utamkataa.

Nimekaa na watu wa namna hiyo hapa Kisangani, baadhi yao ndugu zangu, na kwa muda mrefu nimejiuliza tunaona nini hasa tunapoziona figo. Nimefika mahali ambapo nadhani jibu ni wazi, na linapaswa kusemwa kwa sauti kabla mtu hajaenda kununua dawa. Ekografi huonyesha umbo la figo. Kazi ya figo, ile ya kuchuja damu usiku na mchana, haimo katika picha. Umbo na kazi hupatana mara nyingi, lakini huachana mara nyingi pia, na katika pengo hilo ndimo hofu za bure huzaliwa, na ndimo maradhi ya kweli hujificha.

Tuanze na mashine yenyewe. Mashine ya ekografi haina jicho. Ina sonda ya mkononi inayopeleka mwilini sauti ambayo sisi hatuwezi kuisikia: sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na sonda ya tumbo hutetema kwa mamilioni, kati ya 2 na 5. Sauti hiyo ikifika penye mpaka, nyama ikikutana na maji au maji yakikutana na jiwe, sehemu yake hurudi. Mashine hupima muda wa kurudi, kisha huweka nukta kwenye kioo. Ili ijue umbali, hukadiria kwamba sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde, mahali pote, kwa watu wote. Picha ile basi ni hesabu, na hesabu hiyo ina makadirio yake. Hewa huivuruga kabisa. Utumbo uliojaa gesi ukikaa mbele ya figo ya kushoto, mpimaji anaweza asione kitu. Ndiyo sababu watu huambiwa waje bila kula, na ndiyo sababu ya jeli ile ya baridi inayopakwa ngozini, kuondoa hewa kati ya sonda na mwili.

Aliyeuingiza utaratibu huu katika tiba ya tumbo ni daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 alibeba vivimbe na vifuko vilivyokuwa vimetolewa kwa wagonjwa wake katika upasuaji, akavipeleka kiwandani ambako mafundi walitumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Alitaka kujua jambo moja: je, sauti inaweza kutofautisha kifuko kilichojaa maji na uvimbe uliojaa nyama? Ikaweza. Mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet. Nimelileta swali lake hapa kwa sababu mpaka leo, miaka karibu 70 baadaye, hilo ndilo swali ambalo mashine hulijibu kwa uhakika mkubwa kuliko mengine: hapa pana maji au pana nyama? Ukiiuliza mambo mengine, uhakika hupungua. Ukiiuliza kama figo inachuja damu vizuri, haina la kusema.

Kwa kuwa maji ndiyo iyaonayo vizuri zaidi, jambo inalolitaja mara nyingi ni kifuko cha maji, kile kinachoandikwa kisti. Kisti ya kawaida huonekana nyeusi tupu, ukuta wake mwembamba na laini, na nyuma yake pana mwanga, kwa kuwa sauti imepita majini bila kupungua nguvu. Umri ukisogea, visti hivi huwa jambo la kawaida kama mvi. Kimoja au viwili vya namna hiyo havipunguzi kazi ya figo, havigeuki saratani, na kwa kawaida havihitaji dawa yoyote. Nimewaona watu wazima waliokunywa mizizi ya kila aina ili kuyeyusha kisti ambayo ingekaa nao kwa amani hadi uzeeni, na moyo wangu uliuma, kwa sababu baadhi ya mizizi hiyo ndiyo inayoweza kuiumiza figo.

Kisti yenye ukuta mnene, yenye vyumba ndani, au yenye kipande cha nyama kinachopitisha damu, hiyo ni habari nyingine. Morton Bosniak, daktari wa picha wa New York, alizipanga kwa madaraja mwaka 1986 kulingana na hatari ya saratani, na upangaji wake ulitegemea skana yenye dawa ya kung'arisha damu. Ekografi peke yake hutosha kuitambua ile iliyo safi, ikishindwa hapo inabidi kusonga mbele. Na ziko figo zilizojaa visti pande zote mbili, zikakua mpaka mkono wa daktari ukazigusa juu ya tumbo. Hapo huulizwa habari za baba, mama na ndugu, kwa maana ugonjwa huo hupita katika damu ya ukoo, na mtoto wa mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Hauondolewi kwa kidonge, ila presha ya damu ikidhibitiwa mapema figo hupewa miaka mingi zaidi.

Baada ya kisti huja vipimo vya urefu na rangi. Figo ya mtu mzima kwa kawaida ina urefu wa sentimita 9 hadi 12 hivi, na mtu mfupi asishangae akiwa na figo fupi. Zikiachana kwa sentimita 2, pana sababu ya kuuliza kwa nini. Mwangaza wa gamba la figo hulinganishwa na ini lililo jirani: likiwa sawa na ini au jeusi kidogo kulizidi, ni kawaida, likilizidi ini kwa kung'aa, huenda nyama ya figo imeingia ugonjwa. Nimeandika "huenda" kwa makusudi. Ini lenye mafuta huwa linang'aa lenyewe na kuharibu ulinganisho, na mkono wa mpimaji kwenye kitufe cha mwanga unaweza kuipausha figo yoyote ile. Figo mbili ndogo, zenye sentimita 8 au pungufu, zinazong'aa na gamba lake limekonda, hizo husimulia maradhi ya miaka. Kovu likishakaa halirudi kuwa nyama. Ndiyo maana kipimo hiki kina thamani kubwa kwa mtu aliyeletwa hospitalini amevimba, mkojo umekatika: figo zake zikiwa na ukubwa wa kawaida, pana tumaini kwamba jambo ni la ghafula na linaweza kurudi nyuma, labda ni malaria kali, kuhara kulikomaliza maji mwilini, au dawa aliyokunywa wiki iliyopita. Hapo picha huweza kuamua maisha ya mtu.

Na huweza kuyaokoa kwa njia nyingine, ambayo kwangu ndiyo kazi yake bora kuliko zote. Mkojo ukizuiwa njiani, hurudi nyuma na kuitanua figo kutoka ndani, kama mtaro wa nyuma ya nyumba uliozibwa siku ya mvua kubwa, maji yakapanda mpaka mlangoni. Ekografi huliona hili upesi na bila maumivu. Kizuizi kinaweza kuwa jiwe. Kwa mwanaume mzee mara nyingi ni tezi dume. Kwa mwanamke inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi iliyobana mirija ya mkojo, na wapo wanawake ambao saratani yao iligunduliwa kwa sababu figo ndiyo iliyolalamika kwanza. Lakini mama mjamzito huwa na upanuzi huu bila ugonjwa, hasa upande wa kulia, kwa kuwa mimba hubana mrija. Na mtu yeyote aliyepimwa kibofu kikiwa kimejaa anaweza kuonekana njia zake zimepanuka kidogo. Aende akakojoe, apimwe tena, na mara nyingi upanuzi hutoweka. Ni dakika chache tu za subira. Mpimaji mwenye foleni ndefu mlangoni, na jenereta inayokula mafuta kwa sababu umeme umekatika tena, hushawishika kuziruka dakika hizo, na mgonjwa huondoka na ugonjwa wa karatasi.

Kuna jambo moja katika mji huu linalonisikitisha kila ninapolifikiria, nalo linaanzia mgongoni. Kisangani ni mji wa migongo inayofanya kazi. Vijana wa toleka huwapeleka abiria kwa baiskeli kutwa nzima, wanawake huvuka mto kutoka Lubunga na mizigo ya mihogo na mkaa, wavuvi wa Wagenia husimama ndani ya maji yaendayo kasi wakiinua mitego mizito. Migongo hiyo huuma. Na mgongo ukiuma, watu husema mafigo. Mwenye maumivu huenda kupiga ekografi, na ekografi, kama ilivyo kwa mtu yeyote aliyepita umri fulani, hukuta kitu kidogo: kisti ya sentimita 2, au nukta zinazong'aa ambazo karatasi huziita vijiwe. Jiwe la kweli humeta na kuacha kivuli cheusi nyuma yake. Nukta ya milimita 2 au 3 isiyo na kivuli inaweza kuwa mshipa tu wa damu au mafuta. Lakini mtu ameshapewa jina la maumivu yake. Anakwenda dukani, ananunua diklofenaki, au ibuprofeni, au indometasini, anakunywa wiki baada ya wiki, kwa sababu ana figo.

Sasa tazama dawa hizo zinafanya nini. Mshipa mdogo unaoingiza damu katika kila kichujio cha figo huwekwa wazi, hasa mwili unapokuwa na upungufu wa maji, na kemikali zinazoitwa prostaglandini. Dawa za familia ya diklofenaki hufunga utengenezaji wa kemikali hizo. Maumivu hutulia, na mshipa nao hubana. Kwa kijana mwenye afya aliyekunywa kwa siku 2 haidhuru. Kwa mtu anayetoka jasho juu ya baiskeli kutoka asubuhi, asiyekunywa maji ya kutosha, mwenye presha asiyoijua, anayezimeza miezi na miezi, ni njia ya kuifikisha figo nzima mahali ambapo karatasi ilisema tayari imefika. Maumivu yalikuwa ya misuli na pingili za uti. Figo nyingi zinazokufa hufa kimya, bila kuuma hata siku moja, na hilo ndilo gumu zaidi kuwaaminisha watu wetu: kwamba mgongo unaouma kwa kawaida si figo, na figo inayougua kwa kawaida haiumi. Maumivu ya ghafula yanayokata ubavuni na kushuka kwenye kinena, hayo yanaweza kuwa jiwe linalosafiri. Maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka ni dharura ya siku hiyo hiyo, na kama ekografi imeonyesha njia zimezibwa pia, mtu huyo asilale nyumbani.

Umbo kudanganya si jambo geni katika sehemu hizi. Chini kidogo ya mji, ukifuata mto, ipo Yakusu, ambako wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walijenga hospitali iliyopata sifa kubwa wakati wa utawala wa Ubelgiji. Mwaka 1934 mtafiti A. C. Fisher aliandika juu ya kichocho katika wilaya ya Stanleyville, yaani hapa hapa. Wakati ule ilijulikana kwamba yai la kichocho lenye mwiba nchani ni la aina inayoshambulia kibofu na njia za mkojo, ile inayowatesa mpaka leo watoto wa Pemba na Unguja, ambayo kovu lake huweza kubana mirija na kuitanua figo. Mayai ya wagonjwa wa hapa yalikuwa na mwiba huo huo nchani. Lakini yalitoka chooni, katika haja kubwa, na vibofu vya watu vilikuwa salama. Fisher akakubali kwamba mbele yake pana mdudu mwingine, akampa jina la Schistosoma intercalatum. Angeliamini umbo la yai peke yake, angeutibu ugonjwa wa mkojo kwa watu wenye ugonjwa wa utumbo. Aliuliza yai linatokea wapi na linafanya nini. Kwa daktari wa Kisangani aliye na picha ya njia za mkojo zilizopanuka, kisa hicho bado kina kazi: kijana aliyekulia kando ya Bahari ya Hindi, au katika maeneo ya Maniema yenye kichocho cha mkojo, atashukiwa kichocho mapema, lakini mzaliwa wa mkoa wetu wa Tshopo ambaye hajatoka, mara nyingi sababu yake itafutwe kwingine.

Hospitali hiyo hiyo ya Yakusu, chini ya daktari Clement Chesterman katika miaka ya 1920, ilipigana na malale kwa dawa ya tripasamidi kijiji kwa kijiji. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo historia ya ugonjwa mmoja imeandikwa ndani ya kiungo kingine kwa namna hii: mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba mabadiliko mawili katika jeni iitwayo APOL1, yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika kusini ya Sahara, huipa damu uwezo wa kumuua mdudu wa malale wa aina ya mashariki. Mtu aliyeyarithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Kinga waliyoipata mababu dhidi ya malale imekuwa mzigo kwa wajukuu. Ekografi haiwezi kuonyesha lolote kati ya hayo. Figo ya mtu huyo inaweza kuwa na sentimita 11, laini, nyeusi kama inavyotakiwa, na karatasi ikaandika kwamba kila kitu ni cha kawaida, huku protini ikimwagika katika mkojo wake kila siku.

Ukubwa nao huweza kudanganya. Watoto wetu wenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, na Kisangani ina wengi, huwa na figo kubwa kuliko za wenzao, kwa sababu damu hupita humo kwa wingi na kwa nguvu. Sehemu ya ndani ya figo hushindwa kukaza mkojo, ndiyo maana mtoto hukojoa kitandani hata akiwa mkubwa na huhitaji maji kila wakati. Mzazi asimchape. Kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajaanza dawa, figo zinaweza kuwa kubwa na zenye kung'aa sana, wakati mtu yeyote angetegemea figo inayokufa iwe ndogo. Hapo dawa za kupunguza makali ya virusi huilinda figo, na kila wiki ya kuchelewa ina hasara yake. Picha iliyomfanya daktari aombe kipimo cha VVU siku hiyo hiyo imefanya kazi kubwa kuliko picha kumi zilizowekwa kabatini.

Basi kazi ya figo huonekana wapi? Huonekana katika vitu viwili visivyo na picha. Kimoja ni mkojo: kijiti cha karatasi kinachochovywa katika kikombe na kusomwa kwa rangi ndani ya dakika chache, kikionyesha kama kuna protini, damu, sukari au dalili za maambukizi. Cha pili ni damu: kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo hutakiwa kuiondoa. Hata kreatinini ina ukimya wake, kwa kuwa mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu ya figo kabla namba hiyo haijavuka mpaka wa kawaida, hasa akiwa mwembamba; ndiyo maana huingizwa katika hesabu yenye umri na jinsia ili kukadiria kasi ya kuchuja. Na kitu cha tatu ni muda. Ugonjwa sugu wa figo, kwa kanuni wanazokubaliana madaktari wa figo duniani, huitwa hivyo kasoro ikidumu zaidi ya miezi 3. Hakuna picha ya asubuhi moja inayoweza kuwa na miezi 3 ndani yake.

Katika hesabu hiyo ya kreatinini nchi yetu imetoa mchango ambao ungestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Kisangani. Kwa miaka mingi kanuni zilizotungwa Marekani ziliongeza namba kwa kila mtu mweusi. Katika ile ya mwaka 2009 matokeo yalizidishwa kwa 1.159. Mtu aliyekuwa na 55, chini ya mpaka wa 60, alitoka na 63 na kitu, akaambiwa yuko sawa. Mwaka 2019 Bukabau na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wa Kongo na Côte d'Ivoire, wakipima uchujaji wenyewe badala ya kuukadiria, na wakaona kwamba nyongeza ile haikuwafaa Waafrika. Marekani yenyewe iliiondoa katika kanuni mpya ya 2021. Maabara yoyote hapa inayotumia bado kanuni ya zamani yenye rangi ya ngozi inawapa watu afya wasiyokuwa nayo.

Utafiti mwingine wa Kinshasa, ulioongozwa na Ernest Sumaili na kuchapishwa mwaka 2009, uliwapima watu wazima wapatao 500 wa mitaani, waliokuwa wakiendelea na maisha yao, na ukakuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 12.4. Karibu wote walikuwa hawajui. Fikiria ni wangapi kati yao wangepita katika chumba cha ekografi na kupewa karatasi safi.

Nisisahau walioumbwa tofauti, kwa sababu wao ndio hushtuka kuliko wote. Figo za mtoto tumboni huanzia chini, kwenye nyonga, kisha hupanda hadi chini ya mbavu. Wakati mwingine moja hubaki njiani, na mtu huishi miaka 60 na figo iliyo karibu na kibofu. Wakati mwingine zote mbili huungana ncha za chini, zikapanda hadi kunaswa na mshipa wa utumbo, zikabaki na umbo la kiatu cha farasi. Wakati mwingine moja haikuumbwa kabisa, na ile iliyobaki imekua ikabeba kazi ya mbili. Hutokea kwa mtu mmoja kati ya watu 1,000 hivi. Wapo pia wenye nundu kwenye figo ya kushoto, au nguzo ya nyama iliyojitokeza ndani, ambayo jicho lisilo na uzoefu huweza kuiita uvimbe. Nimesikia ndani ya familia maneno mazito yakisemwa juu ya figo isiyoonekana: kwamba imeliwa usiku, kwamba fulani ameiuza. Hakuna aliyeila. Mwenye figo moja na alipimwe presha na mkojo kila mwaka, ajiepushe na dawa za maumivu za kununua ovyo, na amwambie daktari yeyote atakayemfanyia upasuaji wa tumbo. Zaidi ya hapo aishi.

Siwalaumu wapimaji. Wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vilivyochoka, na wapo hapa mjini wenye macho na uangalifu ambao ningewakabidhi figo zangu bila wasiwasi. Ninachokilalamikia ni utaratibu uliozoeleka wa kuiacha picha iende peke yake, bila swali lililoitangulia na bila kipimo cha kuifuata. Bono ya ekografi, yaani karatasi ya kuombea kipimo, isiyosema mgonjwa anaumwa nini, ana presha gani, mkojo wake ukoje, humfanya mpimaji awe mpiga ramli. Nawaomba wakuu wa vituo vya afya vya Tshopo waweke kanuni moja rahisi: asipigwe mtu ekografi ya figo kabla mkojo wake haujachovywa kijiti na presha yake haijapimwa. Kijiti ni cha bei ndogo kuliko picha, na hakihitaji umeme.

Nawe msomaji, kama una karatasi hiyo mkononi sasa hivi, usiitupe na usiitibu. Irudishe kwa daktari pamoja na dawa zote unazokunywa, za duka na za miti. Omba kipimo cha mkojo, kreatinini na presha. Muulize kama unachoambiwa ni cha leo au cha siku nyingi, na kama upimwe tena baada ya miezi 3. Na mpaka hapo, acha diklofenaki.